Mabomu ya Nyandarua na Kimya cha Ukambani

Katika Kikamba, ndege atuaye mtini ni nyunyi, ilhali ndege ya chuma ni ndeke. Neno hili la pili tulilikopa kutoka Kiswahili, tukachukua maana moja na kuiacha nyingine. Nilipokuwa mtoto huko Kitui, babu yangu, askari mstaafu wa keya, yaani jeshi la KAR, alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini.

Sababu niliielewa ukubwani. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia Novemba 1953, Uingereza ilileta katika uwanja wa Eastleigh, Nairobi, ndege nzito za mabomu aina ya Lincoln. Kila moja ilikuwa na injini nne na wanahewa wapatao saba: rubani, fundi wa mitambo, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki. Vikosi namba 49, 100, 61 na 214 vilipokezana zamu hadi 1955, vikiangusha mabomu ya ratili 500 na 1,000 katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya.

Lincoln ilitokana na Lancaster, iliyoteketeza miji ya Ujerumani. Huku kwetu ilitumwa kuwasaka watu waliojificha chini ya mianzi. Aghalabu iliwajeruhi wanyama. Ndege hizo ziliondoka Dedan Kimathi akiwa bado msituni. Alikamatwa Oktoba 1956 na watu waliokwenda kwa miguu.

Katika misitu hiyo walikuwamo pia vijana wa Kitui na Makueni, waliovaa sare ya mkoloni. Babu alikuwa mmoja wao. Nilipomwuliza aliona nini, alinijibu neno moja tu: “Ndeke haiulizi wewe ni wa nani.” Wahenga walikwisha kusema kwamba vita havina macho.

Safari za wanahewa wale zimeandikwa katika madaftari ya vikosi vyao, yaliyohifadhiwa Uingereza. Neno la babu halikuandikwa popote. Baada ya Uhuru tuliwaimba mashujaa wa msituni, na ilikuwa haki yao. Lakini mzee wa keya hakujua asimame wapi: si shujaa, wala hakukubali kuitwa msaliti. Akanyamaza. Nami, niliyesomea lugha hadi shahada ya uzamifu, sikurudi kumwuliza mara ya pili. Tulimzika na msamiati wake.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1953 sasa amepita 90. Nawasihi walimu wa Mutomo, Mwingi, Wote na Kibwezi wawatume wanafunzi kwa wazee waliosalia, wakiwa na daftari na kalamu. Wasiende kuwahukumu. Waende kusikiliza, kisha waandike kama walivyosikia, kwa Kikamba kilekile cha mzee.