Kaloleni: Kisiwa Pasipo Bahari

Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940 na manispaa ya Nairobi, ni mithili ya kisiwa: nyumba za mawe na paa za vigae, zimezingirwa na jiji. Kitovu chake ni ukumbi walimohutubia wanasiasa kama Tom Mboya, aliyeshinda kiti cha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957.

Mkazi mhafidhina anapopinga ghorofa mpya, tusimdhanie kuwa adui wa maendeleo. Yeye ni mpangaji wa serikali ya kaunti. Asichokimiliki kwa hati, hukimiliki kwa kumbukumbu. Hapo ndipo fasihi simulizi inapogeuka siasa: masimulizi ya ukumbi ndiyo hati yake. Wajibu wetu wanafunzi ni kuyakusanya kabla ya kuta kubomolewa.