Hurling ya Kale: Umri, Ukubwa na Ukaidi Usio na Mfano

Waairishi walianza kugombea mpira kwa magongo yaliyopinda ncha kabla refa hajapuliza filimbi popote duniani. Hivi hapa vilele vitano vya hurling ya kale, kuanzia cha chini.

5. Kikosi kikubwa
Masimulizi yanasema kwamba huko Magh Tuireadh, makabila ya hadithi za kale, Fir Bolg na Tuatha Dé Danann, yalipanga wachezaji 27 kila upande: kila timu inajaza Coaster. Chama cha Michezo ya Kigaeli (GAA), kilichoundwa Thurles mwaka 1884, kiliruhusu hadi 21. Watu 42 wenye magongo! Soka ina 22, tena mikono mitupu.

4. Uwanja mpana
Vijijini parokia ilipambana na parokia, na ushindi ulikuwa kuufikisha mpira kwenu, kupitia mashamba ya watu. Chaki ilikuja baadaye. Kanuni za 1885 zilitaka yadi 200 kwa 150 palipowezekana. Urefu huo ni mabasi 15 ya mikoani yaliyopangwa pua kwa mkia, na ndani yake vinaenea viwanja vitatu vya soka, kisha nusu.

3. Goli ghali
Hadi 1892 goli moja lilishinda pointi zozote, hata ziwe ishirini. Fainali ya kwanza ya Ireland nzima ilichezwa Birr tarehe 1 Aprili 1888: Tipperary goli 1 na pointi 1, Galway sifuri.

2. Mpira mkongwe
Huu ningeusafiria. Makumbusho ya Taifa ya Ireland yana mipira iliyofukuliwa kwenye ardhi ya mboji: manyoya ya ng'ombe yaliyoshindiliwa, yakavikwa singa za farasi zilizosukwa. Hakuna ngozi wala kiini cha koki kama leo. Mkongwe wake ni wa karne ya 12. Ulipopigwa mara ya mwisho, zilibaki karibu karne nne kabla Wareno hawajajenga Fort Jesus kule Mombasa!

1. Mchezo mkaidi
Mwaka 1366 sheria iliyopitishwa mjini Kilkenny iliwakataza walowezi wa Kiingereza kuucheza. Galway nao wakaupiga marufuku mwaka 1527. Marufuku zote mbili zilishindwa. Leo kaunti yenye mataji mengi zaidi ya Ireland nzima, 36, ni Kilkenny.