Chupa ya kupulizia mafuta: Kipimo kilichokosekana jikoni

Katika safu yetu wiki hii tunaingia jikoni, mahali ambapo maradhi mengi tunayoyatibu vituoni huanzia, na ambapo mengi yake yangeweza kuzuiwa bila kidonge hata kimoja. Tutazungumzia mafuta ya kupikia, na hasa kifaa kidogo ambacho kimeanza kuonekana katika majiko ya hapa Tabata, kuanzia Kimanga hadi Segerea. Nacho ni chupa ya kupulizia mafuta, ile ambayo mafuta yakiisha unajaza mengine.

Baadhi ya akina mama wameuliza kama chupa hizi zina maana yoyote au ni mambo ya kumaliza pesa za watu tu. Swali ni zuri. Jibu ni kwamba chupa yenyewe haina muujiza, ila inafanya jambo moja ambalo majiko yetu hayajazoea kulifanya. Inayapima mafuta.

Chukua mfano wa mgonjwa wa shinikizo la damu anapotoka kituoni. Ameambiwa apunguze chumvi na mafuta. Anarudi baada ya mwezi, shinikizo liko palepale na uzito umeongezeka. Ukimuuliza habari za mafuta atakujibu kwa yakini kabisa: "Daktari, siku hizi natia kidogo tu." Wala hasemi uongo. Tatizo ni kwamba kidogo siyo kipimo. Kidogo ya mtu anayemimina kutoka kwenye dumu la lita tano siyo kidogo ya yule anayetuma mtoto dukani akalete mafuta ya kupima ya jioni moja. Na ushauri wa "punguza mafuta" bila kutaja kiasi ni sawa na kumwandikia mgonjwa dawa bila kumwambia anywe vidonge vingapi.

Ajabu ni kwamba sisi ni watu wa vipimo. Aliyepita madrasa anajua kuwa zakatul-fitri ni pishi, na pishi ni vibaba vinne. Hakuna anayeambiwa atoe mchele "kidogo". Nyumbani nako mchele unapimwa kwa kikombe, sukari kwa kijiko. Mafuta peke yake ndiyo yanayopimwa kwa macho, na jicho la mpishi mwenye haraka huku mwadhini anakaribia kuadhini Magharibi halina uadilifu sana.

Sasa tufanye hesabu. Gramu moja ya mafuta, yawe ya alizeti, mawese, nazi au samli, ina kalori zipatazo 9. Gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4 tu. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa mafuta kina gramu kama 14, sawa na kalori 120 hivi, ambazo ni zaidi ya ndizi mbivu moja ya wastani. Tuchukue nyumba ya watu sita ambayo dumu la lita tano linaisha kwa wiki mbili. Ukigawanya, kila mtu anakula karibu mililita 60 kwa siku, yaani gramu 55 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yote anayokula mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya nguvu anayoipata kwa siku. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000, hiyo ni kama gramu 67. Maana yake dumu peke yake limeshachukua sehemu kubwa ya kiwango hicho, kabla mtu hajagusa nyama, maziwa, karanga wala tui la kwenye maharage. Ndugu msomaji, andika tarehe juu ya dumu lako siku utakayolifungua, kisha fanya hesabu hiyo litakapoisha.

Jambo hili si la unene peke yake. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kuhusu watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na watu tisa hivi katika kila mia walikuwa na kisukari. Mafuta si chanzo pekee cha hayo. Ipo chumvi, upo urithi wa familia, upo uvutaji wa sigara, ipo pia tabia yetu ya kupanda bodaboda hata kwa safari ya vituo viwili. Lakini mafuta mengi hupandisha uzito, na uzito ndio unaofungua mlango wa shinikizo na kisukari. Na yale mafuta yanayoganda hupandisha lehemu katika damu. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya namna hiyo. Kwenye nazi ni zaidi ya sehemu nne katika tano, ilhali kwenye alizeti ni kama sehemu moja tu katika kumi.

Na upo upande wa mfuko. Hakuna aliyesahau mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza mwezi Februari, kisha Indonesia nayo ikazuia mawese yake yasiuzwe nje kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Tunategemea sana mawese ya kutoka nje, kwa hiyo moto uliowaka mbali ulituunguza mpaka kwenye magenge yetu. Nyumba iliyojua inatumia mafuta kiasi gani iliweza kujipanga.

Tuje kwenye chupa yenyewe. Katika nchi kama Marekani watu wamezoea makopo ya mafuta ya kupulizia tangu miaka ya 1960. Makopo hayo hufika hapa pia, kwenye maduka makubwa. Mimi siyapendekezi. Kwanza, mengi husukumwa kwa gesi inayowaka, na kopo likiachwa karibu na jiko linaweza kulipuka. Pili, baadhi ya aina zimekuwa zikitiwa alkoholi ya nafaka ili mafuta yaonekane maangavu, jambo ambalo Muislamu hana budi kulisoma kwenye lebo na kuwauliza masheikh. Tatu, baadhi huandikwa kwamba yana kalori sifuri. Ujanja wake ni kwamba kipimo cha mara moja kinachoandikwa kwenye kopo ni kupuliza kwa robo ya sekunde! Kule Marekani sheria inaruhusu mafuta yasiyofika nusu gramu kwa kipimo kuandikwa sifuri. Nani anayepuliza robo ya sekunde?

Chupa ya kujaza mwenyewe haina gesi. Unabonyeza kwa kidole na mafuta yanatoka kama umande, na ndani yake hamna isipokuwa ulichotia. Faida yake kubwa ni kutawanya. Kijiko cha chai cha mafuta ukikimimina kwenye kikaango kinakusanyika sehemu moja, mpishi anaona pengine pakavu, anaongeza. Kiasi hicho hicho kikipulizwa kinafunika kikaango chote.

Ukishainunua, kabla ya kupikia, ipime. Shika kijiko cha chai, puliza ndani yake huku ukihesabu mpaka kijae. Kijiko hicho ni mililita 5, kama kalori 40. Tuseme kimejaa kwa mibonyezo 10. Basi kila mbonyezo ni nusu mililita, kalori 4 hivi. Chupa yako inaweza kutoa zaidi au pungufu, ndiyo maana unaipima mwenyewe. Kuanzia hapo mgonjwa anayeulizwa anatumia mafuta kiasi gani ana jibu. Anasema yai mibonyezo minne, samaki kumi. Huo ndio mazungumzo tunayoyataka kituoni.

Chapati ndipo chupa hii inapong'ara. Aliyezoea kijiko cha chakula kwa kila chapati, kwa chapati kumi ametumia mililita 150. Akipuliza mibonyezo miwili kila upande kwa chupa ya mfano wetu, chapati kumi zimekula mililita 20, mbali na yale ya kukandia unga. Zitakuwa kavu kidogo, tusidanganyane. Zifunike kwa kitambaa safi zikiwa za moto, zitalainika kwa mvuke wake. Mayai, samaki wa kubanika, viazi vya kuoka, mkate wa kumimina, vyote vinakubali. Kuunga mboga ni kazi ya kijiko. Kitunguu kinahitaji mafuta ya kuogelea kidogo, na mchicha nao unahitaji mafuta kiasi ili mwili uweze kuchukua vitamini A iliyomo. Pilau usiiguse kwa chupa hii, utaiharibu. Na kwa sambusa, bajia na kalimati za futari, karai ni karai, chupa haiwezi kusaidia kitu. Hapo dawa ni kupunguza siku za kukaanga ndani ya mwezi wa Ramadhan, badala ya kukaanga siku zote thelathini.

Asiye na uwezo wa kununua chupa atumie kijiko cha chai na apake mafuta kikaangoni kwa kipande cha kitunguu kilichochomekwa kwenye uma. Anapata sehemu kubwa ya faida hiyo bure.

Sasa usafi, na hapa naomba umakini. Usichukue chupa iliyokuwa na dawa ya mende, dawa ya mimea au sabuni ya kusafishia vioo ukaiosha na kutia mafuta ya kula. Plastiki hunywa kemikali, na sumu nyingi za wadudu huyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo kuosha kwa maji hakutoshi. Mtu aliyekula sumu za jamii hiyo anaweza kutokwa mate na jasho jingi, kutapika, kuharisha, mboni za macho zikawa ndogo sana, na kupumua kwa shida. Usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na ile chupa. Kwa wanaodhani tunatia chumvi, mwaka 1959 katika mji wa Meknes nchini Morocco, mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya injini za ndege yaliwapoozesha watu wapatao elfu kumi. Mafuta machafu hayatoi taarifa kwa rangi wala kwa ladha.

Nunua chupa mpya, ya kioo ikiwezekana, na ya rangi ya giza. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2011 zilianzisha kuongeza vitamini A katika mafuta ya kula yanayosindikwa viwandani, na vitamini hiyo huharibiwa na mwanga. Usiiweke dirishani wala pembeni ya jiko. Tia mafuta ya wiki moja au mbili tu. Yakiisha osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha kabisa, ndipo ujaze. Usijazie mapya juu ya masalia, kwani yaliyochacha huyaharakisha mapya kuchacha. Mafuta yaliyokwisha kukaangia hayaingii humo. Alizeti isiyochujwa vizuri itaziba tundu, na mafuta ya nazi yataganda asubuhi za Juni na Julai. Usichanganye maji, yatarusha cheche za moto kikaangoni.

Epua kikaango kwanza, puliza, kisha rudisha jikoni. Umande wa mafuta ukikutana na moto wa gesi au mkaa huwaka mara moja. Usipulize kuelekea usoni, na mama mwenye mtoto mgongoni amweke chini kwanza, kwa sababu mafuta yakivutwa mpaka mapafuni hayatoki kirahisi na huweza kuleta uvimbe unaofanana na nimonia. Mwenye pumu naye ajihadhari.

Jambo la mwisho ni la watoto. Hesabu yote hii ni ya watu wazima. Mtoto wa chini ya miaka miwili anahitaji mafuta ili akue, ubongo wake hasa, na tumbo lake ni dogo haliwezi kujaza uji mwingi. Vivyo hivyo mgonjwa aliyekonda kwa kifua kikuu. Uji wa mtoto aliyeanza kula utiwe kijiko cha chai cha mafuta au karanga zilizosagwa laini, na chupa ya kupulizia ibaki kabatini.