Utalii wa meli: faida iko nchi kavu

Familia au marafiki wanaopanda meli za utalii katika mito Rhine na Danube hulala majini na kutembea mijini mchana. Meli nyingi hubeba abiria wasiofika 200. Nauli huenda kwa mwenye meli. Fedha za matembezi huwafikia wenye maduka, mabasi na mikahawa.

Ziwa Victoria nalo liliwahi kuzungukwa hivyo. MV Victoria, iliyounganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961, ilipita bandari za nchi tatu, Musoma ikiwamo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, mzunguko ulikatika. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. MV Victoria ilikarabatiwa na kurudi kazini 2020, lakini kwa njia ya Mwanza na Bukoba.

Kwa Mara, bidhaa ipo: Mwitongo, Butiama, penye kaburi la Mwalimu Nyerere, na barabara ya Serengeti kupitia Bunda. Tuseme kundi la watu 12, kila mmoja akitumia Sh. 30,000 kwa Coaster, mwongozaji na sato wa mchana: ni Sh. 360,000 kwa siku.

Mwenye mtaji mdogo asikope kwa kutegemea meli isiyo na ratiba. Aanze na wageni wanaofika kwa basi. Meli ikija, imkute tayari ana wateja.