TUHESABU NDEGE WA MAJI MWEZI WA JANUARI
Mkulima, kutoka Madogo kushuka hadi Garsen, mvua za vuli zikiisha maji hupungua, na ndege hukusanyika katika madimbwi na maziwa yaliyosalia, kama Shakababo. Miongoni mwao wamo vitwitwi na bata waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Ndiyo maana nchi nyingi huwahesabu Januari.

Kazi yenyewe ni hivi. Nendeni watu wawili asubuhi mapema, jua likiwa mgongoni. Mmoja ahesabu, mwenziwe aandike. Likiwa kundi kubwa, hesabu ndege 10, tazama ukubwa wa fungu hilo, kisha kadiria mna mafungu mangapi kama hilo. Msiwarushe, wasije wakahesabiwa mara mbili. Tena jihadharini na mamba na viboko.

Faida yake ni nini? Mahali panapopata ndege wa maji 20,000 kila mwaka huweza kuandikwa katika Mkataba wa Ramsar. Delta ya Tana iliandikwa mwaka 2012. Hesabu ikishuka mwaka hata mwaka, huenda maji yanaharibika, nayo ndiyo maji ya mpunga na ng'ombe wako. Basi usimwage sumu ya shambani karibu na dimbwi.