Wembe wa baba: uponye wembe, usipoteze jicho

Ndugu mtumishi, labda kwako nyumbani, chini ya sanduku la nguo, mna wembe wa zamani wa kukunja, ule wa Bulaya, wenye jina la Sheffield ao Solingen karibu na mkono. Labda baba ao babu aliununua wakati wa Union Minière, mbele Serikali haijaichukua kazi ile mwaka 1967. Leo una kutu, na ukali wake una pengo. Unawaza: «Nitaugusisha kidogo kwa jiwe la mashini, dakika mbili utakuwa mpya.»

Ngoja kwanza. Dakika mbili zile zinaweza kuua wembe, na zinaweza kupofusha jicho.

Juu ya nini tunasema habari ya ndevu?

Mtu anayevaa maski ya kukaza uso, kwa kujikinga na vumbi la mawe, lazima anyoe mahali maski inapogusa ngozi. Hata ndevu fupi za siku mbili tatu zinafungua njia, na vumbi linapita pembeni. Vumbi la silika likiingia katika mapafu halitoki tena. Ugonjwa wake, silikosi, hauna dawa ya kuuponyesha, nao unafungulia kifua kikuu mlango. Basi wembe mzuri ni chombo cha usalama, sawa na kofia yako.

Tazama mbele ya kushika kazi

Peleka wembe penye mwanga. Kutu ya juu juu inatoka. Lakini kama kutu imechimba vishimo mpaka kwenye ukali, ao kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, wembe ule umekufa. Usinyolee. Tazama tena misumari ya mkono: katika nyembe nyingi za zamani kabari ndogo iliyo kati ya mbao mbili za mkono ni ya risasi. Usiipige tupa, kwa sababu unga wake ni sumu, zaidi kwa watoto. Na mkono wa seluloidi unashika moto upesi sana: usiukaribishe kwa cheche wala kwa mbabula.

Kutoa kutu

Paka mafuta mepesi, kama yale ya mashini ya kushona, uache usiku mmoja. Asubuhi laza wembe juu ya ubao, usiushike hewani. Sugua na karatasi ya msasa laini sana, toka mgongo kwenda ukali, kidole kisivuke ukali.

Angalisho! Usilete nyumbani asidi ya kiwanda juu ya kutoa kutu. Asidi inakula chuma kizuri pamoja na kutu. Tena asidi iliyotiwa katika chupa ya bia ni kifo kinachongoja mtoto mwenye kiu.

Jiwe la mashini ni adui wa wembe

Chuma cha wembe kilipata ugumu wake kwa moto, na moto unaweza kuuondoa tena. Ukali ni mwembamba, unapata joto mbele ya kidole chako kusikia. Ukiona rangi ya manjano, joto limefika karibu digri 220. Ukiona buluu, limefika karibu 300, na ugumu umepotea. Wembe ule hautashika ukali tena, hata ukiunoa siku nzima. Maji ya kupoza yanayokuja nyuma hayarudishi kitu.

Kwa hiyo fanya kazi kwa mkono. Pengo dogo linaondoka kwa jiwe la kunolea lenye chembe za kukwaruza, na maji mengi. Laza wembe: mgongo na ukali viguse jiwe pamoja. Usiinue mgongo, unene wake ndio unaoshika pembe ya haki. Sukuma ukali mbele, geuza juu ya mgongo, rudi. Pengo likiisha, hamia jiwe laini. Ncha iliyo kali kama mwiba, izungushe kidogo juu ya jiwe, isichome sikio. Mwisho ni mkaba wa ngozi: hapo mgongo unatangulia, ukali unafuata.

Kama pengo ni kubwa na lazima jiwe la mashini, mwachie fundi aliyezoea. Naye asisahau: miwani ya usalama, kifuniko cha jiwe mahali pake, nafasi kati ya jiwe na kiegemeo isipite milimita 3, na asivae glovu wala mikono mirefu ya nguo. Akiwasha, asimame pembeni kwanza. Jiwe linaloweza kuwa na ufa linagongwa mbele ya kufungwa: likilia kama kengele ni zima, likinyamaza ni la kutupa.

Chembe ikiingia jichoni, usisugue. Usikubali rafiki ajaribu kuitoa na kijiti cha kiberiti. Osha na maji safi, uende lopitali siku ile ile.

Wembe mmoja, mtu mmoja

Umenoa vizuri, na sasa jirani anakuja kuomba. Mkatalie kwa upole. Damu isiyoonekana inaweza kubeba sida na homa ya ini. Virusi vya homa ya ini ya aina B vinaweza kukaa hai siku 7 ao zaidi juu ya chuma kikavu. Kuna chanjo juu ya aina B, kuna chanjo juu ya pepopunda; uliza munganga kama yako ni kamili. Na ukienda kwa kinyozi, iwe Kenya, Katuba ao Kamalondo, omba wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako. Hiyo si kiburi.

Ukimaliza kunyoa, kausha wembe, paka tone la mafuta, uufunge, uuweke juu, mahali mkono wa mtoto haufiki.