KLINIKI ISIYO NA SINDANO

Mashabiki wa roki wanapoketi darasani mbele ya wapigaji wao

Ndugu msomaji, neno kliniki si geni kwako. Ni pale mama anapoamka alfajiri, akamfunga mtoto mgongoni, akashika kadi mkononi na kwenda kupanga foleni akingojea mizani na chanjo. Usistaajabu basi ukisikia kwamba huko Marekani na Uingereza wako watu wazima, wenye afya njema na kazi zao, ambao jioni wakitoka kiwandani au ofisini hukimbilia kliniki isiyokuwa na daktari, wala dawa, wala sindano. Ndani yake utakuta seti ya drams, au gitaa la umeme na amplifaya yake, na mtu mmoja ambaye usiku uliotangulia alikuwa jukwaani mbele ya maelfu.

Hiyo ndiyo kliniki ya wanamuziki wa roki. Bendi inapokuwa safarini, ikitoka mji huu kwenda ule, mmoja wa wapigaji wake hutumia siku ya mapumziko kwenda kwenye duka la vyombo vya muziki au katika ukumbi wa shule. Hupiga kidogo, akaeleza alivyopiga, akajibu maswali, kisha akasimama kupeana mikono na waliohudhuria na kuwatilia sahihi sahani zao. Aghalabu kiingilio chake ni kidogo, na ziko kliniki za bure kabisa.

Kando ya kliniki hiyo imezuka ndugu yake, nayo ni shughuli ya kukutana na kusalimiana. Hii haina somo. Unalipa, unapanga foleni, unasimama kando ya msanii, unapigwa picha, unatoka. Mtu anayezitazama kwa mbali atadhani ni pacha. Lakini kwa kuwa fedha inayoingia humo ni ya mshahara wa mfanyakazi, yafaa tuzitenganishe.

DUKA LAGEUKA DARASA

Uhusiano wa duka na muziki wa roki ni wa tangu zamani. Mwaka 1960 mpiga drams mmoja, Jim Marshall, alifungua duka la vyombo vya muziki huko Hanwell, magharibi mwa London. Marshall alikuwa pia mwalimu wa drams, na wanafunzi wake wakawa ndio wateja wake. Wapiga drams wakawaleta rafiki zao wapiga magitaa, mmojawapo akiwa Pete Townshend, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima pamoja na bendi ya The Who. Vijana hao wakalalamika kwamba amplifaya zilizokuwapo sokoni hazikuwa na nguvu ya kutosha. Marshall na mafundi wake wakaketi, wakafungua, wakaunganisha nyaya, na mwaka 1962 wakatoa ya kwao. Amplifaya hiyo ndiyo iliyozaa yale makasha meusi ambayo mpaka leo unayaona yamepangwa kama ukuta nyuma ya bendi za roki.

Katika duka hilohilo alikuwapo kijana aitwaye Mitch Mitchell, aliyefanya kazi siku za Jumamosi. Mwaka 1966 kijana huyo alikuwa mpiga drams wa Jimi Hendrix, na ni yeye aliyempeleka Hendrix kwa Marshall. Hendrix naye jina lake kamili lilikuwa James Marshall Hendrix, hivyo wawili hao wakajikuta ni wasomo! Nayataja haya ili uone kwamba mteja na mwalimu, fundi na mpigaji, walikuwa tayari wanakutana kwenye kaunta ya duka.

Kwa nini basi mwenye kiwanda akubali kumlipa mpigaji azunguke kufundisha watu? Jibu lilionekana tarehe 9 Februari 1964. Usiku huo The Beatles walitokea katika televisheni ya Marekani, na watu wapatao milioni 73 wakawatazama. Mbele ya ngoma kubwa ya Ringo Starr palikuwa pameandikwa Ludwig, jina la kiwanda cha ngoma cha Chicago. Maagizo yakamiminika hata kiwanda kikalazimika kufanya kazi usiku na mchana. Mwenye kiwanda hahitaji kuelezwa mara mbili maana ya jambo kama hilo.

Ludwig walikuwa na mtu mwingine, asiye wa roki, ambaye watu wa roki wanamheshimu hadi leo. Huyo ni Joe Morello, mpiga drams wa jazi katika kundi la Dave Brubeck, mtu ambaye macho yake yalikuwa dhaifu tangu utotoni. Morello alizunguka miji mingi akiendesha kliniki kwa niaba ya kiwanda hicho. Watu walikuja kuona kasi ya mikono yake, wakaondoka wakijua jinsi kijiti kinavyopaswa kuachwa kiruke chenyewe badala ya kulazimishwa. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Max Weinberg, mpiga drams wa Bruce Springsteen. Biashara ilikuwamo, ndiyo. Na elimu ilikuwamo.

UKIWA NDANI

Sasa fikiri umeketi humo. Viti ni vya kukunja, na umebanwa kati ya seremala mwenye umri wa miaka hamsini na mwanafunzi wa sekondari aliyekuja na babake. Mwakilishi wa kiwanda anasema maneno machache kuhusu bidhaa zake, nawe unayavumilia. Kisha mgeni anaketi. Jambo la kwanza linalokushangaza ni ukaribu: unaona jasho, unasikia mguu unavyopiga pedali, unaona kwamba kidole chake cha mwisho hakigusi kabisa kijiti. Katika uwanja wa mpira ungeona nukta tu inayong'ara chini ya taa.

Halafu yanaanza maswali. Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza nafasi yao. Yuko atakayeuliza mgeni anapenda wimbo upi. Yuko atakayetoa hotuba ndefu ya sifa isiyo na swali ndani yake. Bila shaka umewahi kumwona ndugu yake katika mikutano ya hapa kwetu. Lakini akiinuka yule mwanafunzi na kuuliza kwa nini mkono wake wa kushoto huchoka kabla ya wa kulia, utaona uso wa mgeni unabadilika. Anasogeza kiti. Anashika kijiti, anaonyesha, anarudia polepole. Chumba chote kinanyamaza, na hata seremala anajaribu kwa vidole juu ya goti lake.

Wakati mwingine kliniki huvunja miujiza, nayo huwa ni furaha ya pekee. Paul Gilbert na Billy Sheehan, wapigaji wa bendi ya Mr. Big iliyoundwa mwaka 1988, walijulikana kwa mchezo wa kupiga gitaa na besi kwa drili ya umeme, ileile ya fundi wa kutoboa mbao. Msikilizaji wa sahani angeweza kudhani ni uchawi. Ukweli ni kwamba kwenye ncha ya drili palifungwa vibao vidogo vya kupigia nyuzi, navyo vikazunguka. Mfanyakazi yeyote wa karakana angeelewa mara moja. Gilbert huyo alikuwa mwalimu katika chuo cha magitaa cha Hollywood akiwa bado kijana mdogo, na amefundisha katika kliniki nyingi tangu hapo.

Wala usidhani kwamba anayefundishwa hubaki shabiki daima. Joe Satriani alikuwa mwanafunzi mcheza mpira wa Kimarekani. Tarehe 18 Septemba 1970, siku aliyokufa Hendrix, akamwendea kocha wake, akamwambia anaacha mpira ili apige gitaa. Miaka michache baadaye, akiwa bado kijana na tayari mwalimu huko Long Island, alibishiwa hodi na mvulana wa shule aliyeshika gitaa lisilo na nyuzi mkono mmoja, na pakiti ya nyuzi mkono wa pili. Mvulana huyo alikuwa Steve Vai. Baadaye Satriani alihamia Berkeley, California, akafundisha dukani, na miongoni mwa waliomjia alikuwamo Kirk Hammett wa Metallica. Mwaka 2024 Satriani na Vai walifanya ziara ya Marekani pamoja, mwalimu na mwanafunzi, wote wawili wamekwisha kuwa wazee.

MKONO WENYE BEI

Tuje kwa yule pacha wa pili. Tangu mwaka 1999, Napster ilipoanza kuwawezesha watu kupeana nyimbo bure kwa njia ya kompyuta, mauzo ya sahani yaliporomoka, na pato la bendi nyingi likahamia kwenye ziara. Tiketi ya onyesho ikagawanywa madaraja: ya kawaida, ya mbele, na ile ya daraja la juu inayokuwezesha kumkaribia msanii mwenyewe. Kilichokuwa bahati ya kumvizia mtu mlango wa nyuma wa ukumbi kikaandikiwa bei.

Foleni yake ina sheria. Hupewi nafasi ya kupeleka vitu vitano vitiwe sahihi. Simu yako anaishika mtumishi. Unasimama mbele ya kitambaa chenye jina la bendi, taa inawaka, unasikia unaitwa anayekufuata. Yale maneno uliyoyapanga kichwani tangu nyumbani, kwamba sahani yake fulani ndiyo iliyokuwa ikikupa nguvu zamu za usiku, yanakutoka ukiwa umekwisha kufika mlangoni.

Zipo njia ghali zaidi, na baadhi yake zina somo. David Fishof, aliyeandaa ziara ya kundi la Ringo Starr mwaka 1989, alianzisha mwaka 1997 kambi ambamo mashabiki hugawanywa katika bendi, kila bendi ikiongozwa na mwanamuziki wa kweli, na mwishoni hupanda jukwaani mbele ya watu. Ada yake ni maelfu ya dola. Mwaka 2025 Gene Simmons, ambaye bendi yake ya KISS ilifanya onyesho lake la kuaga New York tarehe 2 Desemba 2023, alitangaza nafasi ya shabiki kuwa msaidizi wake kwa siku moja: kusukuma makasha, kupanga vyombo, kula naye na kutajwa jukwaani. Bei ilikuwa dola 12,495.

Msomaji, hapo nilisita kidogo. Katika bendi zetu za dansi wamekuwapo siku zote vijana wa kubeba vyombo. Walibeba spika na tumba, wakalala juu ya makasha ndani ya lori, na malipo yao aghalabu yalikuwa sahani ya wali na ruhusa ya kushika gitaa wakubwa wakiwa wamekwenda kula. Baadhi yao wakawa wapigaji. Sijapata kusikia aliyelipa ili abebe.

Hata hivyo tusimwonee msanii. Ile kamba iliyo kati yake na watu haikufungwa kwa majivuno matupu. Tarehe 8 Desemba 1980, mchana, John Lennon alimtilia sahihi sahani mtu mmoja nje ya nyumba yake New York. Usiku wa siku hiyo mtu yuleyule alimpiga risasi akamwua. Tarehe 10 Juni 2016, huko Orlando, msichana mwimbaji Christina Grimmie, ambaye hakuwa hata wa roki, alikuwa akisalimiana na mashabiki baada ya onyesho. Alifungua mikono amkumbatie aliyefuata, naye akampiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Wako pia ambao hawakuweza tu. Neil Peart, mpiga drams wa Rush ya Kanada tangu mwaka 1974, alikuwa mtu wa haya. Wenzake wawili waliposalimiana na mashabiki, yeye hakuonekana, na wengi walinung'unika. Lakini mtu huyohuyo, akiwa tayari ni nyota kwa miaka ishirini, mwaka 1994 alikwenda kuketi mbele ya mwalimu mzee Freddie Gruber, akaanza upya kujifunza namna ya kushika vijiti. Kisha akatengeneza filamu ya mafunzo akieleza hatua kwa hatua anavyounda mapigo yake. Alifariki Januari 2020. Mashabiki wengi ambao hawakupata kumshika mkono walijifunza kwake zaidi ya walivyojifunza kwa wale waliopiga nao picha.

Kwa hiyo ndugu yako aliye ughaibuni akikuandikia kwamba amealikwa kwenye mojawapo ya shughuli hizi, mwulize kwanza kama kuna kiti cha kukalia. Pakiwa na kiti, aghalabu pana somo. Akienda, achukue swali moja, alilolipata kwa kushindwa jambo fulani nyumbani. Na kama hakuna kiti, na fedha si ya kodi ya nyumba wala karo ya mtoto, aende vilevile. Simcheki mtu aliyengoja miaka thelathini apate kusema ahsante, hata ikiwa kwa nusu dakika.

Tulimwacha yule mwanafunzi wa mkono wa kushoto. Saa ya kufunga duka imefika, sahihi zimekwisha, mwakilishi wa kiwanda anafungua matoazi na kuyatia katika mifuko, maana kesho ni mji mwingine. Viti vinakunjwa. Baba mtu yuko mlangoni anatazama saa. Mgeni amekwisha kuvaa koti, lakini ngoma ndogo bado haijafungashwa, nao wawili wameinama juu yake. Mvulana anapiga polepole, kushoto, kushoto, kushoto, na mwenzake anahesabu.